Sanduku la Sanda na Sanduku la Gari

Katika ofisi ndogo ya msikiti wetu, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pemba, kuna sanduku la mbao lenye kufuli mbili. Ndani yake mna fedha za sanda. Kila Ijumaa waumini hutia walichojaaliwa, na daftari la kamati linashuhudia kwamba kwa miaka mingi hakuna maiti wa kijiji hiki aliyecheleweshwa kuzikwa kwa kukosa kitambaa, ubani au mbao za kufunikia mwanandani. Tulikuwa tukilionea fahari jambo hilo, kwani kumsitiri maiti ni faradhi iliyo juu ya jamii nzima. Lakini usiku mmoja wa Ramadhani, miaka mitatu iliyopita, tulisimama mbele ya sanduku lile tukiwa na mgonjwa aliye hai, na hatukujua kama inajuzu kulifungua.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa muadhini wetu. Jina lake tunalihifadhi, ingawa yeye ametupa ruhusa ya kukisimulia kisa chake ili wengine wapate kuzingatia. Ni mzee aliyekwishapita miaka sitini, mvuvi tangu ujana wake, na kwa muda mrefu alikuwa na ugonjwa wa kisukari ambao yeye na sisi tuliuchukulia kama jambo la kawaida la uzee.

Siku ya kwanza, baada ya Alasiri, alikuwa akitengeneza samaki kwa ajili ya futari. Walikuwa tasi, na mwiba wa pezi ukamchoma chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mwiba wa tasi. Huchoma kama moto, kisha baada ya saa chache hupoa, na mtu akausahau. Mzee wetu alikamulia ndimu, akafunga kitambaa, akaenda kuadhini Magharibi. Katika tarawehe tulimwona amesimama safu ya kwanza, mkono wa kulia ameuning'iniza, hawezi kuufunga kifuani.

Usiku ule tulikwenda kumtazama. Tulikuwa watu wanane, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Mmoja alisema sumu ya tasi hukaa siku mbili. Mwingine alisema ni kijicho, kwa kuwa mzee alikuwa amepata kitoweo kingi wiki ile. Majani yalipondwa yakafungwa juu ya kidonda. Likaandikwa kombe kwa zafarani, akalinywa wakati wa daku. Kutoka duka la dawa vililetwa vidonge vinne vya rangi mbili pamoja na dawa ya kutuliza maumivu. Tulisoma Yasin, tukaomba dua, tukarudi majumbani. Hakuna aliyeuliza sukari yake imefika wapi. Hakuna aliyeuweka mkono ule karibu na taa akaulinganisha na wa pili. Na wala hakuna aliyejiuliza vipi tundu lisilozidi punje ya mtama liweze kumliza mtu ambaye hatukuwahi kuona chozi lake.

Siku ya pili mkono ulivimba hadi kiwikoni, ngozi ikawa inang'aa kama iliyopakwa mafuta, naye akawa anatetemeka kwa homa. Hakufungua saumu. Tulimsifu kwa subira yake, na leo tunaona haya tukikumbuka sifa zile. Siku ya tatu asubuhi yalitoka malengelenge yenye maji meusi, na ngozi ikageuka rangi ya biringani. Lakini alisema maumivu yamepungua na vidole havihisi kitu. Tukasema Alhamdulillah. Mmoja wetu alitangaza msikitini baada ya Adhuhuri kwamba muadhini anaendelea vizuri.

Ilipofika Isha alikuwa akizungumza na watu wasiokuwapo, pumzi zikimwenda mbio. Mwanawe alikuja baada ya tarawehe: gari imepatikana, lakini mwenyewe anataka nauli ya usiku, na nyumbani hamna kitu. Ndipo tukasimama mbele ya sanduku. Fedha zile zilitolewa kwa nia ya sanda. Je, tunayo haki ya kuzigeuza? Tulijadiliana kwa muda ambao hafidhi angeweza kumaliza juzuu nzima. Mwisho imamu wetu alisema tuchukue kama deni, sisi wenyewe tulidhamini na tulilipe, kwani kama mzee huyu atakufa barazani kwake, fedha zitatoka tu, na zitatoka kwa ajili yake. Tukafungua.

Usiku uleule madaktari waliukata mkono wake chini ya kiwiko ili kuokoa roho yake. Daktari mmoja alitueleza bila ya kutulaumu kwamba mgonjwa kama huyu akifika siku ya kwanza au ya pili, mara nyingi kiganja hufunguliwa, nyama iliyoharibika ikaondolewa, na mkono ukabaki. Mzee aliishi, Alhamdulillah. Aliporudi tulikwenda tena kumtazama, na alituuliza swali moja tu: "Nyinyi mlikuja wanane usiku ule wa kwanza. Hata mmoja wenu hakuwa na gari ya kuniitia?"

Ndugu zetu Waislamu, swali hilo ndilo lililotuandikisha makala haya.

Imamu Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini. Mtu huyo akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kwa maneno mazito, akabainisha kwamba waliomshauri ndio waliomuua, na kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza. Tuliisoma hadithi hii chuoni katika mlango wa tayamamu, tukaihifadhi kwa ajili ya mtihani. Hatukupata kufikiri kwamba siku moja tutakuwa sisi ndio wale wenzake. Basi tukaamua kuuliza. Tuliwaomba wahudumu wa kituo cha afya watusomeshe, na tuliyojifunza tunayaweka mbele ya wasomaji.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba kisa cha mzee wetu si cha ajabu wala si kigeni. Mwaka 2002 taasisi ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa maradhi ilichapisha ripoti juu ya wagonjwa wa Dar es Salaam, wa kati ya mwaka 1998 na 2002, waliopatwa na ugonjwa wa mkono unaowashika wenye kisukari katika nchi za joto. Ugonjwa huo ulikuwa umekwishaelezwa na madaktari wa Nigeria mwaka 1984. Huanza kwa jambo dogo, kama mkwaruzo au kuumwa na mdudu, kisha mkono huvimba, huoza, na anayechelewa huweza kupoteza mkono au maisha. Miongoni mwa walioufanyia kazi ni Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi amewafunza wahudumu wa afya namna ya kuokoa miguu na mikono ya wenye kisukari. Kwa hiyo elimu hii ilikuwapo ng'ambo ya bahari yetu hii hii kabla ya mzee wetu kuchomwa. Iliyokosekana ni njia ya kuifikisha barazani.

Jambo la pili ni namna maradhi yenyewe yanavyokwenda. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando unaofunika misuli. Bakteria wakiingia katika ngozi na mafuta tu, mahali hapo huvimba, hupata joto na huuma, na mara nyingi antibaiotiki za vidonge zikitumika mapema, kwa kipimo kamili, hutosha. Lakini wakiufikia utando ule, huenea juu yake kama moto juu ya makuti. Hukata njia za damu, na nyama hufa ilhali ngozi ya juu bado inaonekana nzima. Hapo dawa peke yake haitoshi, kwa kuwa dawa hubebwa na damu, na damu haifiki penye nyama iliyokufa. Lazima daktari wa upasuaji aiondoe nyama ile, na dawa zitiwe mshipani. Ucheleweshaji wake hupimwa kwa saa. Sisi tuliupima kwa siku.

Dalili kubwa ya mwanzo ni maumivu yasiyolingana na kidonda. Mtu ana mchubuko mdogo, naye hawezi kuvumilia hata shuka imguse. Hiyo pekee inatosha kumtoa nyumbani usiku. Nyingine ni uvimbe unaopanda kwa haraka, ngozi kuwa ngumu na kung'aa, homa na kutetemeka, kutapika au udhaifu mkubwa. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Tutazame weusi uliozidi, tuguse joto, na tulinganishe na upande wa pili. Dalili za baadaye ni rangi ya zambarau, malengelenge yenye maji meusi, harufu mbaya, ngozi kulia kama karatasi inapobonyezwa, mkojo kupungua, na akili kuchanganyikiwa. Na maumivu yakitoweka ghafla ilhali uvimbe upo, hiyo si nafuu. Mishipa ya fahamu imekufa. Asubuhi ile tuliyosema Alhamdulillah ndiyo asubuhi iliyostahiki hofu kuliko zote.

Kuna watu wanaopaswa kuogopewa zaidi. Wa kwanza ni mwenye kisukari, ambaye pengine hatasikia maumivu kabisa, kwa kuwa ugonjwa umekwishadhoofisha hisia za miguu yake. Wapo pia wazee, wajawazito na mama waliojifungua karibuni, na mtoto mchanga ambaye ngozi inayozunguka kitovu chake imevimba au inatoa usaha. Na wapo ndugu zetu wenye matende. Kuanzia mwaka 2001 watu wa Unguja na Pemba waligawiwa dawa za kukata maambukizi ya ugonjwa huo, lakini mguu uliokwishavimba hubaki na mikunjo na nyufa ambazo bakteria huingilia, na mwenye nao hupatwa na homa za mara kwa mara.

Na yapi ya kufanya? Jeraha lolote, hata la mwiba, lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Aliyechomwa na tasi au taa atie kiungo katika maji ya moto yanayovumilika, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hilo hutuliza sumu ya samaki. Joto la maji lipimwe na mtu mwingine, hasa kama mgonjwa ana kisukari, asije akaungua bila ya kuhisi. Maumivu ya sumu hupungua kwa saa. Yanayozidi si ya sumu tena. Pete na bangili zivuliwe kabla uvimbe haujazibana. Iulizwe chanjo ya pepopunda. Tusitie majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha mnyama wala majani. Tusichanje chale, tusichue. Vidonge vinne vya kuuziwa kwa kukisia si tiba, na dawa ya maumivu huweza kuificha dalili tunayoitafuta.

Kisha chukua kalamu. Zungushia mstari pale uvimbe na joto vinapoishia, na uandike saa. Uvimbe ukivuka mstari baada ya saa chache, usingoje asubuhi. Na mwenye maumivu makali au homa hangoji mstari wala kalamu. Yeye ni wa safari moja kwa moja.

Huenda msomaji akauliza: je, mnatuambia tuache kombe na dua? Hasha. Dua ni silaha ya muumini, na Mtume wetu (s.a.w.) ndiye aliyetuhimiza kuomba na ndiye aliyetuhimiza kutafuta dawa. Katika vita vya Khandaq, Sa'ad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale mkononi. Mtume (s.a.w.) alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye, jeraha likatiwa moto, mkono ukavimba, ukatiwa moto tena. Na Rufaida (r.a.) alijulikana kwa kuwauguza majeruhi. Wale walikuwa na dua iliyo bora kuliko yetu, na hawakuiacha tiba ya zama zao. Kosa letu halikuwa kusoma Yasin. Kosa letu ni kuisoma barazani ilhali tungeweza kuisoma ndani ya gari.

Dini pia haikumfunga mgonjwa. Aliyefungwa bandeji hulazimiki kumfungua ili atawadhe. Kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bandeji na hutayamamu. Mgonjwa anayedhurika kwa saumu anayo ruhusa ya kula na kulipa. Aliyeipokea ruhusa ya Mola wake hakupungukiwa na subira.

Na katika udhu wetu mna kinga ambayo wengi hatuioni. Kupitisha vidole baina ya vidole vya miguu ni sunna, na ni hapo hapo, katika nyufa za baina ya vidole, ambapo bakteria hupata mlango. Mwenye kisukari ambaye huiangalia miguu yake kila anapotawadha ameitazama mara tano kwa siku. Kilichobaki ni kuikausha vizuri baina ya vidole, kwa sababu unyevu huleta fangasi na fangasi huipasua ngozi. Asiyeweza kuinama amwombe mjukuu amtazamie nyayo. Mwenye matende naye hufaidika kwa kuosha mguu kwa sabuni kila siku na kuukausha kila mkunjo.

Baada ya mambo haya kamati ilikaa. Tulilipa deni la sanduku la sanda mpaka shilingi ya mwisho, kisha tukaweka sanduku la pili kando yake. Mlangoni tumelibandika jina lake: Sanduku la Gari. Fedha zake hutolewa kwa nia ya kumfikisha mgonjwa hospitali, usiku au mchana, bila ya kikao, kwa idhini ya mjumbe yeyote mmoja. Namba za simu za madereva watatu zimeandikwa ubaoni. Na mara moja kwa miezi mitatu, baada ya darsa la kina mama na baada ya chuo cha watoto, mhudumu wa afya huja kueleza dalili tulizozitaja.

Mwaka jana, mke wa mmoja wetu, ambaye hulima mwani, alikatwa na gome la chaza mguuni asubuhi maji yalipotoka. Alasiri alikuwa akilia kwa maumivu ya muundi, na kidonda chenyewe hakikuzidi ukucha. Mwanawe wa kike, mwanafunzi wa chuo chetu, alichukua kalamu yake ya kuandikia masomo akamzungushia mama yake mstari chini ya goti. Magharibi uvimbe ulikuwa umeuvuka kwa upana wa vidole viwili. Mtoto alikuja msikitini, akasimama mlangoni, akasema: "Ami, mstari umepitwa." Kabla ya Isha gari ilikuwa njiani. Alipasuliwa usiku uleule, akakaa wadini siku kadhaa, na akarudi na kovu refu na mguu wake mzima. Sasa yuko pwani na wenzake.

Tunajua kwamba ajali hazihesabiki, na kwamba ajali ya kila mmoja imo mikononi mwa Allah (s.w.). Hatusemi kwamba kila atakayewahi atapona, wala kwamba mzee wetu angeponyoka bila ya kovu. Tunasema kwamba sababu tuliamrishwa kuzishika, na sisi tuliziacha kwa siku tatu.

Mzee wetu angali akiadhini. Anaposoma takbira ya kuhirimia huinua mkono wa kushoto na, pamoja nao, kile kilichobaki cha mkono wa kulia. Waliosimama nyuma yake wanaona. Hajawahi kutukumbusha swali lake, lakini kila Ijumaa yeye ndiye wa kwanza kutia katika sanduku la pili, na sisi wanane tunamfuata.

Kwa kamati za misikiti mingine, Unguja, Pemba na bara, tunatoa nasaha hii moja: mkirudi kwenye ofisi zenu wiki hii, tazameni kama lipo sanduku la walio hai. Kama halipo, msingoje mpaka msimame mbele ya lile jingine mkijadiliana.

Wabillahi tawfiq.